Rangi Imekaa Wapi?

Ukiingia kwenye ukumbi wa vyombo ndani ya makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, usianze na kibao cha maelezo. Najua hamu ya kusoma kwanza ilivyo: chombo ni cha karne gani, kimetoka wapi, kimefukuliwa na nani. Subiri kidogo. Jicho likishaambiwa linachotazama huacha kutafuta. Pita mbele ya makabati yote kwa mwendo wa mtu anayezunguka soko kabla hajafungua mkoba, kisha rudi kwenye kile kimoja kilichokugeuza shingo. Simama hapo. Dakika tano kwa chombo kimoja si nyingi.

Kinachonigeuza mimi shingo, karibu kila mara, ni sahani ya kijani. Ni zile zilizochomwa Longquan, katika jimbo la Zhejiang huko China, na kupakiwa majahazini kuelekea magharibi. Waarabu na Waajemi waliziita martabani, kwa jina la Martaban, bandari ya Burma iliyokuwa ikipitisha shehena hizo. Wazungu wanaziita seladoni. Pwani yetu ilizinunua kwa karne kadhaa, na vigae vyake vimefukuliwa Kilwa, Gedi na kwingineko. Kwa hiyo anayesimama mbele ya sahani hizi leo hajifunzi mapenzi mapya. Waliojenga nyumba za mawe Lamu walitengeneza zidaka ukutani, safu juu ya safu, na humo wakaweka vyombo vya kaure vitazamwe. Huko Gedi kaure ilipachikwa kwenye mihrabu ya msikiti mkuu. Watu wale walijua kuchagua, na ninachoeleza hapa ni namna ya kurudisha jicho lao.

Tuanze na glezi yenyewe, maana bila kuijua utaishia kusema "nzuri" na kupita. Mfinyanzi husaga mawe, akachanganya na majivu na maji mpaka apate uji, akachovya chombo humo. Ndani ya tanuri uji ule huyeyuka ukawa kioo kilichoshikana na udongo. Rangi huletwa na madini kidogo sana: chuma, shaba, kobalti. Ndiyo maana neno "kupaka rangi" linapotosha. Ukuta uliopakwa rangi una rangi juu yake basi, mwanga unagonga na kurudi. Kwenye glezi mwanga unaingia, unapita ndani ya kioo, unafika kwenye udongo, ndipo unarudi kwako. Chombo kizuri ni kile kinachokufanya uione safari hiyo.

Swali la kubeba mkononi basi ni hili: rangi imekaa wapi? Huenda imekaa ndani ya glezi, kama chai ndani ya bilauri. Huenda iko chini yake, imechorwa kwenye udongo mbichi kisha ikafunikwa. Huenda iko juu, imewekwa baada ya chombo kuiva na kuchomwa tena kwa moto mdogo. Au ni ya udongo wenyewe, hakuna glezi kabisa. Kila makao yana uzuri wake na namna yake ya kuharibika, na mtu anayepima bakuli la bluu kwa kipimo cha sahani ya kijani atalionea.

Sahani ya martabani rangi yake imekaa ndani, na hii ndiyo ninayotaka tukae nayo. Chuma kilichomo kwenye glezi yake ni asilimia 1 au 2 hivi. Moto ukipata hewa ya kutosha, chuma hicho hutoa umanjano wa samli au wa asali. Lakini wachomaji wa Longquan waliunyima moto hewa. Katika joto la nyuzi 1,200 na zaidi, moto usiopata hewa huitafuta oksijeni popote ilipo, mpaka huinyang'anya chuma kilichomo kwenye glezi, na chuma kikishanyang'anywa hugeuka kijani. Hakuna brashi iliyohusika. Mchomaji aliichagua rangi ile kwa kuziba na kufungua matundu ya tanuri, siku nzima na usiku. Ustadi huo mwaka 2009 uliandikishwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa tazama mdomo wa sahani. Glezi ilipoyeyuka iliteremka kidogo, ikauacha ukingo na utando mwembamba, na hapo kijani hufifia mpaka kuwa weupe wa tui. Fuata ukingo huo kwa jicho mzunguko mzima. Ukiwa umefifia kwa usawa, mkono uliochovya ulikuwa mtulivu. Shuka ndani ya sahani, tafuta mistari iliyochongwa kabla ya kuchovya, labda majani ya yungiyungi, labda mawimbi. Humo glezi imetuama kama maji kwenye nyayo baada ya mvua, na kila ilipotuama ni nene, na kila ilipo nene kijani kimekoza. Mchongaji hakuchora kwa wino. Alichimba vina, akaiachia glezi ifanye kivuli. Baadhi ya sahani hizi zina samaki wawili katikati, wamebandikwa kwa kalibu kabla ya kuchovywa. Mgongo wa samaki umeinuka kwa hiyo umefifia, ubavuni ameingia kwenye kijani kizito, na ukisogeza kichwa polepole utaona kama anazama.

Shuka mpaka kitako, kama walioipanga sahani wameiegemeza ili kionekane. Chini hapana glezi mahali chombo kilipokalia, maana kingegandamana na tanuri. Udongo ulioachwa wazi mara nyingi una rangi ya tofali, ilhali udongo huo huo, pale palipokatika kipande, ni wa kijivu cheupe. Hewa ilirudi tanurini moto ulipokuwa ukipoa, ikaugusa udongo uliokuwa uchi, na ule uliovaa glezi haikuufikia. Mstari ambapo wekundu ule unakutana na kijani ni mahali ninapopapenda kuliko pote. Ukiwa safi, glezi imekoma kwa mviringo mnene kama tone lililoamua kusimama, ujue mtu aliufuta kwa makini kabla ya kuchoma. Ukiwa umepigwa kovu na mchanga umegandia, kazi ilifanywa kwa haraka, ingawa mimi nawasamehe mchanga. Vyombo hivi vilichomwa kwa maelfu.

Nisichosamehe ni kijani kilichokufa. Utakitambua: ni kile kile mdomoni, tumboni na kwenye mistari, kinang'aa kama sahani ya plastiki, jicho linagonga na kurudi. Ama glezi ilipakwa nyembamba mno, ama moto ulizidi ikawa kioo kitupu. Martabani bora, zile za nasaba ya Song ya Kusini, zilichovywa zaidi ya mara moja na ndani ya glezi zikabaki viputo na chembe ndogo zisizoyeyuka. Chembe hizo hutawanya mwanga, na matokeo yake ni ule ulaini unaofanana na jiwe la jade au na bahari ndani ya mwamba saa za asubuhi kabla upepo haujaamka. Nyingi zilizofika pwani yetu ni za baadaye, karne ya 14 na ya 15, glezi yake ina kioo zaidi na kijani chake kinaelekea zaituni. Wapo wanaozidharau kwa sababu hiyo. Wanakosea. Sahani pana kama sinia zilitengenezwa zikilenga masoko ya watu wanaokula pamoja, na upana ule unataka rangi yenye nguvu ya kuonekana kutoka upande wa pili wa jamvi.

Hapo nataka niseme jambo kuhusu majina. Ukisimama mbele ya rangi usikimbilie kuita "kijani" ukaridhika. Kiswahili chenyewe kimezoea kuita rangi kwa kitu: kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni bizari. Endelea na desturi hiyo. Sema hii ni chanikiwiti, hii ni embe bichi lililomenywa likakaa kidogo, hii ni maji ya dafu kwenye bilauri. Ukilazimika kutafuta kitu kinachofanana, jicho linarudi kwenye chombo mara tatu, mara nne, na kila likirudi linaona jipya. Tena utakumbuka. Mimi sikumbuki namba za vibao, ila nakumbuka bakuli moja lililokuwa na rangi ya mboga ya mchicha iliyopikwa kwa nazi, pale tui linapojitenga pembeni.

Ndipo linapokuja suala la mwanga. Miaka kadhaa iliyopita niliingia ukumbi mmoja wa maonyesho, sitautaja, ambao taa zake zilikuwa za manjano mazito, zimeelekezwa juu ya kabati moja kwa moja. Kulikuwa na bakuli nililolisubiri kwa hamu, nikalikuta la rangi ya matope. Nikaondoka na huzuni, nikaandika kwenye daftari kwamba sifa zake zimetiwa chumvi. Baadaye walilihamishia chumba chenye dirisha upande wa kaskazini, na niliporudi nikalikuta la samawati iliyofifia, lenye ukungu ndani. Sikulitambua. Tangu siku ile siandiki hukumu juu ya rangi niliyoiona chini ya taa moja tu. Mwanga wa manjano huiua samawati na huipaka kijani tope. Tafuta dirisha. Kama halipo, sogea kulia na kushoto, chuchumaa mpaka jicho liwe sawa na mdomo wa chombo, kisha simama tena. Glezi hujificha nyuma ya mng'ao wake. Ukisogea, mng'ao unasogea, na nyuma yake rangi ya kweli inajitokeza kwa nukta moja. Muulize mlinzi wa ukumbi jua linaingia saa ngapi. Walinzi huona vyombo hivi katika kila mwanga wa mwaka, na wengi hufurahi kuulizwa.

Samawati yenye ukungu niliyoitaja ni ajabu ya namna yake. Vyombo vya Jun, vilivyochomwa kaskazini mwa China, vina bluu isiyotokana na kobalti wala madini yoyote ya bluu. Glezi yake ilipopoa ilijigawa kuwa matone madogo mno ya kioo ndani ya kioo kingine, na matone hayo hutawanya mwanga jinsi anga linavyofanya. Ukitazama bluu ya Jun unatazama sababu ile ile inayofanya mbingu iwe samawati. Vyombo vya Ru, ndugu zao walioheshimika zaidi, vimebaki chini ya 100 vinavyojulikana duniani. Mwaka 2017 kimoja, kisahani cha kuoshea brashi chenye upana wa sentimita 13, kiliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 37 za Marekani. Hakina ua wala mchoro. Kina rangi, na nyufa nyembamba zilizotanda ndani ya glezi.

Nyufa hizo nazo zinawasumbua wengi. Glezi ikinywea kuliko udongo wakati wa kupoa, hupasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Kwenye bakuli la kulia ni kasoro, chakula kinajificha humo. Kwenye chombo cha kutazama, wafinyanzi wa vyombo vya Guan, huko huko China, walizitafuta kwa makusudi. Tazama kama zinafuata umbo, zikijikusanya palipo na mkunjo na kupanuka palipo na uwanda. Zikifuata, zinakusaidia kuliona umbo. Zisipofuata, ni ajali.

Kaure ya bluu na nyeupe inajulikana na kila mtu, kwa hiyo nitasema machache. Rangi yake imekaa chini. Kobalti ilichorwa kwenye udongo mbichi, udongo ukainywa papo hapo, bila nafasi ya kufuta; kwa hiyo unahukumu mkono kwanza, kama unavyohukumu hati ya mwandishi. Mstari ulioendelea bila kusita una uhai. Mitungi miwili iliyoko British Museum, London, yenye maandishi ya mwaka 1351, inaonyesha kwamba kufikia hapo mafundi wa Jingdezhen, China, walikuwa wameshaumiliki ustadi huu. Kobalti ya mwanzo ilitoka Uajemi na ilikuwa na chuma kingi, hivyo palipojikusanya pana madoa meusi yaliyozama kwenye glezi, kama wino uliodondoka kwenye karatasi na kuenea. Karne kadhaa baadaye, waigaji walioyapenda madoa hayo waliyadonoa kwa ncha ya brashi, moja moja. Tazama basi: doa la kweli liko pale brashi ilipokawia, kwenye pembe ya jani, mwisho wa mstari. Doa la kuiga linakaa popote, kwa nidhamu mno.

Rangi iliyokaa juu, ile nyekundu na dhahabu ya vyombo vya baadaye, itazame kwa ubavu. Utaona imeinuka, na utaona ilipokwanguliwa na vijiko. Mimi hainishiki sana.

Lakini tafadhali usiipite mitungi ya feruzi. Hiyo ilifika pwani kabla ya martabani kupata jina, kati ya karne ya 8 na ya 10, kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi, na vigae vyake vimetoka Shanga, Manda na Unguja Ukuu. Ufinyanzi wake ni mzito, glezi imeteremka kwa michirizi minene, na wengi wanaona ni kazi ya ovyo karibu na kaure ya China. Rangi ni shaba. Shaba kwenye glezi yenye risasi hutoa kijani cha majani. Kwenye glezi ya magadi hutoa feruzi. Na shaba hiyo hiyo ikinyimwa hewa hutoa wekundu wa damu. Anayejua hilo hawezi tena kuidharau michirizi ile, maana kila mchirizi ni mahali rangi imepata kina na kukoza kama bahari nje ya mwamba.

Kwenye mitungi hii kuna mtego. Vigae vilivyokaa ardhini kwa miaka elfu mara nyingi humemetuka fedha na upinde wa mvua, na mgeni husimama hapo akidhani ameona ustadi mkuu. Ni glezi iliyooza. Unyevu umeilainisha ikawa tabaka tabaka. Inapendeza, sikatai, ila mfinyanzi hakuifanya. Usiichanganye na vyombo vya Basra vya karne ya 9, ambavyo vilichorwa kwa fedha na shaba juu ya glezi nyeupe na kuchomwa mara nyingine kwenye moshi mpaka mchoro ukang'aa kama chuma. Namna ya kutofautisha ni rahisi: mng'ao wa fundi unafuata brashi, na mng'ao wa ardhi hauna mchoro wa kufuata.

Vigae, kwa kweli, ndivyo walimu wangu bora, kuliko sahani nzima. Kwenye kabati la vigae tafuta ukingo uliovunjika. Hapo utaona kwa ubavu glezi imekaa nene kiasi gani juu ya udongo, utaona kobalti kama uzi mwembamba kati ya viwili hivyo, utaona kama udongo umeiva mpaka ndani. Dakika moja na ukingo uliovunjika inaeleza kuliko ukurasa mzima. Ukikiokota kigae ufukweni au kwenye magofu kitazame, kisha kirudishe pale pale. Ni mali ya mahali hapo, na sheria za mambo ya kale za Kenya na Tanzania zinakilinda.

Imebaki rangi ya udongo wenyewe. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanyia kazi Uingereza, hatumii glezi. Hujenga chombo kwa mkono bila gurudumu, hukipaka udongo laini uliochujwa, hukisugua mpaka king'ae, kisha hukichoma. Moto wenye hewa huacha rangi ya chungwa iliyoiva. Akikichoma tena kwa kukinyima hewa, kinakuwa cheusi, na mara nyingine kinabaki na wingu la chungwa begani, pale moto ulipokataa. Ni hila ile ile ya Longquan, moto uliofungiwa, kwenye ngozi tofauti. Mapema katika kazi yake alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa mfinyanzi Ladi Kwali, ambaye yeye alikuwa amechukua mitungi ya asili ya kwao, yenye mijusi waliochorwa kwa kukwaruza, akaivisha glezi na kuichoma kwa moto mkali. Wanawake wa Kisi kule Ikombe, kwenye Ziwa Nyasa, nao hufinyanga vyungu visivyo na glezi, na sokoni Matema vinauzwa kwa bei nafuu. Kipime chungu kama hicho kwa jicho lile lile. Hapa mng'ao hautoki kwenye kioo, unatoka kwenye kusuguliwa, kwa hiyo hauna kina; una ukaribu. Tafuta alama za kusugulia, ziende upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Tafuta wingu la moto na uone limeangukia wapi kwenye umbo.

Ukimaliza makumbusho, nenda kaone vyombo vilivyowekwa nje. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, nguzo ya kaburi ilipambwa kwa mabakuli ya China. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 yalipachikwa sahani kwenye chokaa. Kwenye makaburi mengi ya pwani zimeshang'olewa, na kilichobaki ni mashimo ya mviringo, kila moja likiwa na ukubwa wa bakuli lililokuwamo. Nenda asubuhi, jua likiwa bado chini. Ingiza jicho kwenye mashimo moja baada ya jingine, maana aliyeng'oa alivunja kwa haraka, na pengine kwenye chokaa kimebaki kipande cha kitako kisichozidi ukucha. Jua likikifikia, subiri lipite juu yake taratibu. Hivyo ndivyo walivyokusudia kitazamwe.